Hati ya Madai Niliyojichapia

Nina ugonjwa wa kusahihisha. Ukiniletea barua ya kuomba kazi yenye makosa, siwezi kuichapa ilivyo hata ukinipigia magoti. Nitakukoromea kwanza, kisha nitairekebisha, kisha nitakuuliza nani alikufundisha kuandika. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati, na ndiye aliyenileta huku wilayani Tarime alipohamishwa kutoka Kisaka. Mimi kwetu ni Singida. Watu wananiita mama mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki, na nadhani ni kwa sababu ya huko kukoromea watu.

Steshenari yangu iko hatua chache kutoka mahakama ya mwanzo, kwa hiyo wateja wangu wengi ni watu waliokasirika. Ng'ombe wa jirani kaingia kwenye mahindi, shemeji kasogeza mpaka wa shamba la migomba, fundi kachukua mbao na mlango hauonekani. Wote wanakuja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, na mimi naigeuza kuwa hati ya madai: mdai juu, mdaiwa chini yake, maelezo kwa namba, na mwishoni yale anayoiomba mahakama. Karani wa mahakama, kijana mpole ambaye viatu vyake vinang'aa hata wakati wa tope, alikuwa akiniita wakili wa fotokopi. Nami, Mungu anisamehe, niliupenda utani huo kuliko ulivyostahili.

Siku moja akaja mama mmoja wa upande wa Nyamwaga, mtu wa miaka sitini na kitu. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na duka langu, kuna mashine ya kusaga inayotumia umeme. Aliacha mahindi yake kwenye foleni pale, akavuka kuja kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akafungua kitambaa. Ndani ya kitambaa kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha ndogo iliyofifia. Alitaka niitie nailoni ngumu kama tunavyotia vyeti, isiendelee kuliwa na unyevu.

"Ni bibi aliyenioa," akasema.

Nilijua anachosema. Huku kwa Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Nilipohamia nilikuwa nikiulizauliza maswali ya kijinga kuhusu jambo hilo, siku hizi nimenyamaza. Bibi huyo alikuwa ameshafariki, na hiyo ndiyo ilikuwa picha yake pekee. Nikamwambia aiache hapo, akaangalie unga wake, akirudi atakuta tayari.

Sasa, wakati huohuo kundi letu la kikoba kwenye simu lilikuwa linapigana kuhusu rangi ya sare za harusi. Mimi nilikuwa upande wa zambarau na tulikuwa tunashindwa. Niliiingiza picha kwenye mashine ya nailoni kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unaandika. Picha ya zamani huingizwa taratibu, unaishikilia mpaka itokeze upande wa pili, na hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Nilipoinua macho ilikuwa imejiviringisha kwenye rola, moshi unatoka. Nikachomoa waya ukutani. Nilichokitoa mle ndani kilikuwa cheusi na kimekunjamana kama ukoko.

Aliporudi, kilemba chake kimejaa vumbi la unga, nilikuwa nimeshapata la kusema.

"Pole mama, umeme umekatika katikati. Ukikatika, rola zinasimama na moto unabaki. Imeungua."

"Umeme?"

"Umeme, mama."

Akainamisha kichwa upande wa barabarani. Halafu akaokota lile jeusi, akalifunga kwenye kitambaa chake, akaaga. Nilimkimbilia nikampa faili la plastiki bure. Hadi leo naona haya kulitaja hilo faili kuliko hata uongo wenyewe.

Zikapita wiki tatu. Nilikuwa nimeanza kusahau, maana zambarau ilishinda, nikamwona anaingia na karatasi ya daftari mkononi.

"Nataka unichapie kesi," akasema.

"Karibu mama. Unamshtaki nani?"

"Wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza kwa nini asipeleke kwa mwenzangu wa kule stendi, naye ana kompyuta.

"Yule kijana wa mahakamani amesema kwako ndiko wanaandika vizuri. Halafu huko kwa mwingine nitaanza kueleza upya. Wewe kesi unaijua."

Nilipandwa na hasira, kisha nikaona aibu, kisha nikavaa miwani. Maelezo yalikuwa yameandikwa na mjukuu wake, na yalikuwa hovyo kabisa: mara mimi ni mdai, mara yeye, tarehe ziko pembeni, na jambo lenyewe limeanzia katikati. Nikajiambia siwezi kushtakiwa kwa karatasi ya namna hii, watu watasema nini. Nikayapanga. Kwa namba moja nikaeleza picha ni ya nani na kwamba hakuna nyingine. Kwa namba mbili nikaeleza ilivyokabidhiwa kwa mdaiwa ikiwa nzima. Nilipofika namba tatu vidole vikasimama. Mjukuu alikuwa ameandika kwamba mdaiwa alisema umeme ulikatika.

"Na hii niiweke?" nikauliza.

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

"Basi iweke."

Nikaiweka. Yeyote aliyechapa hati nyingi kama mimi angeona kwamba kwa sentensi hiyo nimeshashinda kesi. Umeme siuzalishi mimi. Mdai mwenyewe ananitetea kwa maandishi, tena maandishi safi, hayana kosa hata la nukta. Mimi ambaye siwezi kuacha hata herufi moja mahali si pake, niliiacha ile sentensi ilivyo.

Tukafika mwisho, kwenye anayoiomba mahakama. Nikamuuliza anaomba nini.

"Andika wanavyoandika watu."

"Wanaandika fidia, mama. Kiasi gani?"

"Wewe ndiye unajua vitu vya dukani kwako."

Nikaandika kiasi, nikaona nimejipendelea, nikaongeza. Nikaona nimejionea, nikapunguza. Yeye alikuwa anaangalia watu wa mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara, hana habari na mimi. Nilipomaliza alinilipa hela ya kuchapa na kunishukuru, na dakika kumi baadaye karani akapita mlangoni na hati mkononi, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Jioni nilimweleza mume wangu. Aliweka tonge chini.

"Umejishtaki?"

"Nimechapa tu. Kazi ni kazi."

"Umeichapa vizuri?"

"Vizuri sana."

Alicheka mpaka ugali ukapoa. Kisha akaniuliza kama siku ile umeme ulikatika kweli, na mimi nikaondoka kwenda kuosha vyombo. Kusema ukweli, niliogopa. Watu wananiletea vyeti vya kidato cha nne, vyeti vya kuzaliwa, kadi za marehemu, vitu ambavyo vikiungua havina pa kupatikana tena. Nani ataleta cheti kwa mwanamke aliyeunguza picha ya marehemu kwa sababu ya rangi ya sare? Nikisema umeme, natoka mahakamani bila doa. Nikisema kweli, naweza kufunga duka. Nililala na hesabu hiyo siku zote mpaka kesi ikatajwa.

Chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa kuliko kawaida. Karani alikuwa ametangaza habari, nina hakika. Hakimu alikuwa kijana aliyepangiwa huku akitokea Mtwara, kulia na kushoto wazee wawili wa baraza. Akasoma hati, akasita, akaisifu kwamba imeandaliwa vizuri, akauliza imeandaliwa na nani. Mama wa Nyamwaga akaninyooshea kidole. Watu walicheka muda mrefu, na hakimu mwenyewe alijifanya anatafuta kalamu.

Nikaulizwa kama nakubali madai. Nikasema picha iliungua kwenye mashine yangu, hilo nakubali. Mzee mmoja wa baraza, mwenye sweta la kijani, akauliza, "Kwa ule umeme ulioandikwa namba tatu?"

Ningeweza kusema ndiyo, neno moja tu. Nilimtazama yule mama. Alikuwa amekaa wima, ule uso wake wa siku ile aliponiuliza "Umeme?", na kitambaa kiko mapajani. Nikajua kimefunga nini.

"Hapana, mzee," nikasema. "Namba tatu ina kosa. Umeme haukukatika. Nilikuwa nachati kwenye simu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Hakimu akamgeukia mdai, akamuuliza kama alilijua hilo.

"Nilikuwa nalijua," akasema. "Wakati ananiambia umeme umekatika, mashine ya kusaga ilikuwa inasaga, naisikia. Unga wangu mimi ulisagwa na nini? Nikaandika vilevile alivyosema. Nilijua huyu ni mtu wa kusahihisha, nikasema atasahihisha tu."

Masikio yaliniwaka. Hakimu alimwambia sasa ana haki ya kuniuliza maswali, kama anayo.

"Ninalo moja," akasema. Akasimama, akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei. "Mwanangu, mimi macho yangu yana ukungu sasa. Ile picha nilikuwa naishika tu, sura nilishaacha kuiona vizuri, na nikifumba macho inanipotea. Wewe ndiye wa mwisho kuiona kwa macho mazima. Alikuwa amefunga mdomo, au alikuwa anacheka?"

Nilitafuta kichwani. Nilikumbuka zambarau. Nilikumbuka hata majina ya walioikataa. Katika picha nilikumbuka kitu cheupe tu, labda kilemba, labda ukuta. Nilitamani sana kusema alikuwa anacheka. Lingekuwa jambo dogo, lingemfurahisha, na hakuna mashine yoyote ng'ambo ya barabara ambayo ingenikanusha.

"Sikuiangalia, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akakaa. Hakimu aliandika jibu langu kwa mkono, tukamsubiri amalize.

Aliamuru nilipe fidia ileile niliyoiandika, nami nililipa. Duka halikufungwa. Watu wanaleta vyeti kama zamani, ila siku hizi wananiambia niweke simu mezani kwanza waione, na kuna wanaotaka kuishika wao mpaka nimalize.

Mwezi uliofuata mama wa Nyamwaga alikuja na nakala ya hukumu, yenye muhuri. Alitaka niitie nailoni. Nikazima simu, nikamvutia kiti karibu kabisa na mashine. Kabla sijaiingiza akaniomba nimsomee, kwa sababu jina la bibi limo humo, na habari ya picha imo. Nikasoma tangu juu, taratibu, jina, ng'ombe, mwaka alioolewa mama huyu, mpaka nikafika kwenye swali lake. Pale nikaishusha karatasi.

"Endelea," akasema. "Jibu lako limeandikwaje?"

Nikamsomea. Kisha nikaiingiza karatasi kwa mikono miwili, nikaishikilia mpaka ikatokeza upande wa pili.