Kikao cha Damu Safi

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa tena baada ya wanafunzi kurusha mawe, nami nikawa nakula ugali wa bure kwa kaka yangu, mtaa wa Umoja. Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea biolojia, na nilijiona mtu.

Binti ya kaka, wa miaka minne, alikuwa akivimba vidole na kulia kwa maumivu ya viungo. Daktari akasema ni selimundu: chembe za damu zinajikunja na kukwama mishipani. Badala ya kumwuliza daktari swali la pili, wazee wa ukoo wakaitisha kikao. Jumapili, baada ya kanisa, walijaa sebuleni, wakala kuku wa shemeji yangu mpaka mifupa, kisha wakaanza kumshtaki yeye huyo huyo. Mimi nilifanywa katibu, maana ukoo wetu hauwezi hata kugombana bila kuandika kumbukumbu.

Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, aliyefunga maboksi kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, na kuongea kama jaji.

"Sisi damu yetu ni safi," akasema. "Huu ugonjwa umeletwa na huyu mama. Arudi kwao na mtoto wake."

Upuuzi mtupu. Mtoto haugui selimundu mpaka arithi jeni moja kwa mama na nyingine kwa baba. Kaka alikuwa nayo, na aliitoa kwetu. Tena kule kwetu karibu na ziwa, ambako malaria imezika watoto tangu zamani, aliyebeba jeni moja tu ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri ya kupona, akakua, akazaa. Huenda baadhi ya wazee wale walikuwa hai, wakichokoa meno sebuleni, kwa sababu ya damu ileile waliyokuwa wakiikana. Mabwege.

Kaka alikuwa akitazama viatu vyake.

"Shemeji," mama mtoto akaniambia, binti yake mapajani, "si wewe ndio umesomea haya mambo? Waambie basi."

Baba mdogo akanigeukia. Nikainamisha kichwa, nikaandika: Imekubaliwa mama arudi kwao na mtoto. Nikampa mwenyekiti kalamu atie sahihi.

Chuo kilipofunguliwa tulipewa mtihani. Swali la kwanza lilitaka tueleze kwa nini jeni ya selimundu haijatoweka kwenye maeneo ya malaria. Nilijaza kurasa tatu. Mhadhiri aliisoma karatasi yangu mbele ya darasa zima, akasema hivyo ndivyo msomi anavyojieleza.