Mwenyekiti, Kaa Nje Kwanza

Saa mbili asubuhi, mwenyekiti wa kikundi kipya cha wapangaji anatolewa nje ya mkutano wake mwenyewe.

"Baba, shika kopo hili la vifungo, ukakae pale kwenye ngazi," anaambiwa na fundi cherehani mwenye chumba. "Tenganisha vyeupe na vyeusi. Tutakuita."

Mwenyekiti, fundi baiskeli mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima, anatoka akinung'unika. Ndani wanabaki wanachama kumi na mmoja wakitazamana. Kisha dada mmoja msusi anakohoa. "Basi tuanze na kile choo kilichofungwa." Dirishani fundi baiskeli anachungulia, maneno yamemjaa mdomoni.

Hivi ndivyo fundi huyu, Mama Viraka, anavyofanya kazi. Jina alilipata kwa kutia viraka sare za shule, lakini siku hizi anajulikana zaidi kwa kuvisaidia vikundi vidogo vya kudai haki visimame kwa miguu yao. Tisa vimeshapita chumbani humu, na hakuna kilichomlipa. Anasikiliza huku anashona.

"Kikundi cha mtu mmoja si kikundi," anasema, uzi mdomoni. "Ni mtu na wasindikizaji wake."

Analijua hilo kwa machungu. Miaka sita iliyopita aliwaongoza akina mama arobaini na wawili kudai wodi ya wazazi ya zahanati ya mtaa ifunguliwe tena. Alivikumbatia vyote: muhuri, daftari, namba za maofisa. Kisha akavunjika mguu, akalazwa mbali. Barua ya kuwaita kwenye kikao cha halmashauri ilipenyezwa chini ya mlango wake uliofungwa. Siku ya kikao hakufika hata mmoja, na ombi likatupwa.

Miezi minne baadaye wifi yake, mke wa kaka yake, alishikwa na uchungu. Hospitali iko kilomita kumi na mbili. Alijifungulia njiani, na mtoto hakuishi.

"Wifi hajawahi kunilaumu," anasema. "Afadhali angenilaumu."

Alipoanza upya hakutaka kukaa mbele. Wala hakutaka vikundi viungane viwe kimoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa tisa. Kila kikundi kilibaki na jina lake na kazi zake, ila kwa dai la wodi kiliombwa mchango wa kile kinachokijua. Wazoa taka, wanaoingia kila kichochoro, walihesabu akina mama waliojifungulia mbali: 318 kwa mwaka mmoja. Wauza soko walikusanya saini. Kikundi cha maji kikaenda kufungua bomba la zahanati mbele ya mashahidi, na maji yakatoka; miaka yote kisingizio cha kuifunga wodi kilikuwa kwamba maji hayafiki.

Mwezi uliopita halmashauri iliwasikiliza. Kwa sheria yake mwenyewe, Mama Viraka alibaki nje kwenye ngazi.

"Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena," anacheka. "Nikatamani hata kopo la vifungo."

Ndani, ofisa alitaka kumjua kiongozi wao. Akasimama muuza nyanya ambaye mwaka jana alishindwa hata kutaja jina lake mbele za watu. "Wewe uliza tu, mheshimiwa," alisema. "Atajibu anayelijua."

Ofisa aliuliza maswali saba, akajibiwa na watu saba. Kabla ya adhuhuri ikaamriwa wodi ifunguliwe, na Mama Viraka akasikia vigelegele kabla hajaambiwa kitu. Anakiri kwamba alikaa palepale akalia kwa furaha, bila kuona haya.

Vitanda sita sasa vimetandikwa shuka alizozishona yeye. Kwenye kona ya chumba, wifi yake anapinda mkono wa sare, tumbo lake la miezi minane likigusa meza.

"Niingie sasa, ee?" fundi baiskeli anauliza kutoka nje. "Vifungo vimekwisha."

"Vichanganye, uanze tena," anajibiwa, na wapangaji wanacheka. Choo kimeshapangiwa watu watatu wa kukifuatilia.

Anapoulizwa mpango wake, Mama Viraka anamtazama wifi yake kabla ya kujibu.

"Mwezi ujao nampeleka huyu wodini kwa miguu, ni dakika nane," anasema. "Halafu na huko nitakaa nje, kwenye ngazi, mpaka nisikie sauti ya mtoto."