Hatoki, na Kidude Kilie

Mimi ni mtu wa kiti na mlango. Wenzangu wanashuka kutoka Fizi hadi Baraka na kurudi wakiimba juu ya pikipiki. Mimi nikishuka, nimelazimishwa. Safari ile nililazimishwa na kifua. Kilinibana nikimenya mihogo, nikaanguka. Mke wangu akanipakia kwenye pikipiki, kati yake na dereva, kama gunia la makaa.

Hospitalini Baraka walinibandika kidude kifuani, kidogo kama kizibo cha chupa. Kilituma mapigo ya moyo kwenye kioo cha mashini ofisini mwa wauguzi; yakizidi, kioo kinalia.

"Papa, hii iko inaangalia roho yako," muuguzi alinieleza, mama mmoja mwenye haraka.

Kwetu roho ndiyo inayodunda kifuani, na ndiyo itakayosimama mbele ya Mungu. Neno ni hilo hilo. Mke wangu akaweka sufuria chini.

"Inaangalia roho yake? Pole, mama. Mutaona mambo."

Nikacheka. Kioo kikalia. Muuguzi akaja mbio, akatukuta wote wawili tumeshika matumbo.

Kesho yake mke wangu aliwasimulia wagonjwa wa vitanda vya jirani jinsi nilivyolia kila pikipiki ilipoingia shimoni. "Alikuwa anaita mama yake! Na mama yake alishakufa. Hata angefufuka, angemupata wapi, na barabara ile?" Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kioo kikalia tena.

Muuguzi akachoka. "Mama, ni we unamupandisha roho. Enda ukae inje na bale bengine banaopikia bagonjwa. Utakuwa unaleta chakula na kurudia."

Mke wangu akaanza kukunja kitenge chake bila neno. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kifua. Nami, ambaye nyumbani naomba kuku ruhusa ya kupita, nikakaa wima.

"Hatoki."

"Papa, mashini iko inaonyesha..."

"Inaonyesha nacheka! Leo asubuhi kifua kilinibana kabisa, ikanyamaza. Ni nani aliona jasho? Ni nani alikuja kukuita? Akitoka huyu, na hii inatoka." Nikashika ukingo wa plasta. Kioo kikalia, na safari hii kilisema kweli: nilikuwa na hasira.

Daktari alikuja, akasikiliza pande zote, akamgeukia muuguzi. "Ni kweli asubuhi ilinyamaza?"

"Ni kweli, Dokta."

"Basi papa abaki nayo, na mama abaki. Ikilia, muulize papa kwanza anasikia nini, kisha mupime."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu zaidi. Nikaimeza, nikaachia plasta.

Haikuchukua muda. Mke wangu alikuwa ananimegea bugali na ndagala, visamaki vya ziwani, akiniuliza kama sasa nitagombea uchifu, maana nimejua kufokea watu. Kioo kikalia. Muuguzi akaja, si mbio tena, akasimama miguuni pa kitanda na kuvuta pumzi.

"Papa, unasikia namna gani?"

"Muzuri. Huyu anataka kuniua, lakini pole pole."

Akanishika mkono, akahesabu mapigo kwa vidole vyake. Akamtazama mke wangu, akamwacha aendelee kumega, akarudi ofisini peke yake.