Waya Juu ya Bati

Nimebakiza muhula mmoja kabla sijakabidhiwa darasa langu mwenyewe, na chuoni siku hizi tunaulizwa mara kwa mara maoni yetu juu ya vyombo vya kufundishia. Kompyuta zinakuja, wanasema wakufunzi. Mwalimu wa kesho hana budi kuwa na msimamo. Wenzangu husimama wakaeleza misimamo yao vizuri. Mimi niliwahi kuwa na msimamo thabiti kuliko wa yeyote kati yao, na ninaandika haya ili nieleze ulikokwenda.

Msimamo wangu ulihusu redio. Nilipopelekwa Kianda kufanya mazoezi ya kufundisha, kuanzia muhula wa tatu wa mwaka 2007, niliamini kwamba mtoto wa mtaa wa mabanda hana upungufu wowote wa akili; anachokosa ni sauti njema ya kumfundisha, na sauti hiyo inaweza kuletwa na chombo. Sikuwa na subira ya kuzingojea kompyuta. Vipindi vya redio vya shule vilikuwapo tangu wazazi wetu wakiwa wanafunzi. Mwalimu wa redioni husoma hadithi, huuliza swali, kisha hunyamaza kidogo. Katika ukimya huo darasa zima hujibu kwa pamoja, na ukimya ukiisha sauti husema, "Vizuri sana," ikaendelea. Wakufunzi waliuita ukimya huo nafasi ya kujibu. Kwangu mimi ulikuwa haki yenyewe. Urefu wake ulikuwa mmoja kwa mtoto wa Kianda na kwa mtoto wa shule ghali ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Redio haikujua mtoto yupi ni wa nani, na haikutaka kujua.

Shule yenyewe ilikuwa ya mabati, vyumba vinne vilivyoegemeana, na aliyeianzisha alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Madam. Alikuwa mtu wa mkoa wa Magharibi kama wazazi wangu. Alifundisha darasa la sita, nami nikawekwa chini yake. Sijamwona mwalimu aliyewajua wanafunzi wake kama yeye. Alijua nani analala kwa shangazi, nani hajala tangu jana, nani babake amerudi kunywa. Mzazi mgeni akifika mlangoni na mtoto, akianza kueleza ametoka wapi na ni mtu wa wapi, Madam alimkatiza kwa maneno yale yale: hapa watoto wote ni wangu.

Alinicheka nilipoleta redio. Nilikuwa nimeinunua Toi, soko ambalo baadaye liliteketea, na antena yake ilikuwa imevunjika.

"Na hiyo redio yako," aliniuliza, "inaweza kungoja mtu?"

"Inangoja, Madam. Ina nafasi ya kujibu."

"Inahesabu, kijana wangu. Kungoja ni kitu kingine."

Tulibishana hivyo muhula mzima, bila uchungu. Yeye alisema chombo kisichomjua mtoto hakiwezi kumfundisha. Mimi nilisema mwalimu anayemjua mtoto kupita kiasi huishia kumpendelea au kumkatia tamaa. Mbele ya watoto hakunipinga hata siku moja. Kipindi kilipofika alikaa kwenye kiti cha nyuma, mikono mapajani, akasikiliza kama mwanafunzi mwingine.

Tatizo letu lilikuwa mawimbi. Sauti ilikwaruza, ikapotea, ikarudi na mahubiri ya stesheni nyingine. Aliyetutoa katika taabu hiyo alikuwa msichana mmoja mwembamba, binti wa seremala kutoka Machakos. Alifunga waya kwenye kisiki cha antena, akaupitisha katika tundu la ukutani, akazunguka nje na kupanda juu ya jiwe. Huko alijaribu msumari mmoja baada ya mwingine kwenye ukingo wa paa, sisi tukimpigia kelele kutoka ndani, hapo, hapo, hapana, rudi. Msumari alioupata ulikuwa wa kona, wenye kutu kuliko yote. Waya ukigusa hapo, bati zima la darasa liligeuka kuwa antena. Tangu siku hiyo nikampa cheo: kiranja wa redio. Alikichukulia cheo hicho kwa uzito kuliko hata mimi nilivyokusudia. Wenzake walipomtania kwamba ameolewa na redio, alijibu kwamba angalau redio inajua kunyamaza ikiuliza mtu swali.

Tukafunga shule. Uchaguzi ukaja.

Sitarudia yale ambayo kila mtu anayajua. Nitasema tu nilivyoyasikia, kwa sababu niliyasikia kwa redio ile ile. Tulikuwa tumekusanyika uani kwenye ploti yetu, majirani wa kila upande, tukisikiliza matokeo yakisomwa. Kisha matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku, na stesheni niliyokuwa nimewafundisha watoto kuitegemea ikatupigia nyimbo za kwaya. Kati ya wimbo na wimbo sauti tulivu ilituambia hali ni shwari. Moshi wa Toi ulikuwa umeshafika juu ya vichwa vyetu. Kila baada ya tangazo palikuwa na ukimya mfupi, na nakumbuka nilivyoshtuka nikigundua kwamba nilikuwa nikiungoja uishe, kana kwamba baada yake sauti ingetuambia vizuri sana.

Familia ya seremala haikuguswa siku za kwanza. Watu wa Ukambani kama wao walikuwa na mgombea wao, hawakuhesabiwa upande wowote. Lakini mtu wao alipokubali kiti serikalini Januari, jioni moja tu ilitosha kuwageuza wasaliti. Karakana ya baba ilivunjwa na mbao zake zikaenda kuwasha moto wa kufungia barabara. Jirani waliyekuwa wakichangia naye maji ndiye aliyewaonyesha vijana mlango. Waliondoka na walichoweza kubeba, wakaenda Kongo, kule Kawangware, wakabanana na ndugu yao katika chumba kimoja. Huko nako wengine walikuwa wakifukuzwa, kwa sababu iliyo kinyume cha hii.

Shule zilipotangazwa kufunguliwa, nilimkuta Madam akifagia darasa. Nikamwachia redio, kisha nikamuuliza kuhusu kiranja wangu: je, nikimleta, atapokelewa? Hakusita.

"Kamlete," alisema. "Nimeshawaambia, hapa watoto wote ni wangu."

Nilikwenda Kongo na maneno hayo kama mtu aliyebeba barua ya mfalme. Mama wa msichana alinikaribisha kwenye kitanda, maana kiti hakikuwapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kunja kona ya leso yake.

"Mimi siogopi njia, mwalimu," alisema. "Naogopa mlango. Mkifika huko, nani atamfungulia?"

Nikamwambia Madam mwenyewe. Nikarudia maneno yake, neno kwa neno. Msichana alikuwa tayari ameshatoa sare yake kwenye mfuko wa plastiki na kuanza kuinyoosha kwa viganja. Mama alimtazama kwa muda, kisha akasema sawa, lakini nimrudishe mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikujua wakati ule kwamba ningeitimiza ahadi hiyo mapema kuliko alivyofikiri.

Jumatatu tulitoka kabla jua halijawa kali. Tulivuka Barabara ya Ngong, tukapitia Jamhuri, tukashukia Olympic. Njiani vijana walitusimamisha mara moja wakaniuliza natoka wapi; nikawajibu kwa lugha ya nyumbani, wakanicheka matamshi, wakaniacha. Yeye hawakumuuliza kitu, kwa kuwa nilikuwa nimesema ni dadangu. Tulipoendelea aliniuliza kama kuna mtu ameugusa waya wake wakati wa likizo. Nikamwambia sidhani. Akasema afadhali, maana waya unateleza kwenye ule msumari. Ukiufunga vibaya unashika lakini hauleti sauti.

Tulipofika, darasa lilikuwa limeshaingia. Madam alituona kupitia mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake.

"Madam, nimemleta."

Aliangalia kwanza viatu vya msichana, vilivyojaa vumbi. Akamuuliza kama wametembea kutoka Kongo, kama mama hajambo, kama baba amepata kazi ya mkono. Alimrekebisha kola. Kisha akaniangalia mimi.

"Mrudishe."

Nilidhani sikumwelewa. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema nimlete.

"Nilisema kabla wazazi hawajakaa kikao. Walikuja Alhamisi. Wanasema mtoto wa hao akionekana hapa, shule inachomwa. Na nimeona petroli kwa macho yangu, mwalimu, sijaambiwa."

"Lakini wamejuaje nani ni wa hao? Kwa darasa hatujawahi kuandika kabila la mtu."

Msichana alikuwa ameangalia pembeni, kwenye jiwe lake, kwa adabu ya mtoto anayejua wakubwa wanaongea.

"Wangekisia," Madam alisema. "Na unajua wanavyokisia. Wangepita na mtoto yeyote mwenye jina wasilolipenda. Nikawaambia mimi."

"Ulisimama ukawatajia watoto?"

"Nani mwingine anawajua?"

Hakupandisha sauti. Alisema ana shule hii peke yake, na ikiteketea hata huyu hatakuwa na pa kurudi mambo yakitulia. Akaniambia mimi niingie, kipindi cha redio karibu kinaanza, wanaye mtu mwingine anayeshika waya. Akamgusa msichana shavuni. Akaingia, na nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Sijui ni kitu gani kilichoniuma zaidi. Nimekwisha kumpa Madam kila udhuru ambao dhamiri yangu inaweza kuutunga, na baadhi yake ni wa kweli. Lakini aliyefungua kinywa mbele ya kikao kile hakuwa mwoga asiyewajua watoto. Alikuwa yule aliyewajua mlango kwa mlango, sufuria kwa sufuria. Ujuzi ule ule alioniambia ndio ualimu, ndio aliowakabidhi. Kama angekuwa mwalimu mbaya, asingekuwa na cha kuwapa.

Nilimshika msichana mkono tuondoke. Hakusogea.

Ndani, redio ilikuwa imewashwa. Ilikuwa redio yangu, na niliitambua hata kupitia bati. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, kama mtu anayepepeta choroko, na watoto walikuwa wakimfokea aliyeshika waya upande wa ndani, huku, hapana, rudi. Msichana aliinua uso, akautafuta waya kwa macho kwenye ukingo wa paa.

"Wamefunga kwa msumari wa pili," alisema. "Si nilikuambia utateleza."

Kabla sijamzuia alikuwa juu ya jiwe. Aliufungua waya, akausogeza mpaka kona, akauzungusha mara kadhaa kwenye ule msumari wenye kutu. Sauti ya mwalimu wa redioni ilitoka ghafla, safi, ikajaza shule na kichochoro. Ndani watoto walishangilia. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na nadhani wengine walikuwa wameelewa nani yuko nje. Madam bila shaka alielewa. Nilikaza macho kwenye komeo. Kati yake na mkono wa Madam hapakuwa na hatua nyingi.

Somo la siku hiyo lilikuwa methali. Mwalimu wa redioni alitoa nusu ya kwanza, akaacha nafasi.

"Haraka haraka…"

"Haina baraka," darasa likajibu, kwa woga kidogo. Na juu ya jiwe, akiwa bado ameshika waya, msichana naye alijibu, kwa sauti ile aliyozoea kujibia akiwa dawati la mbele.

"Vizuri sana," ilisema redio.

Nilikuwa nimewahi kuwaambia wakufunzi wangu kwamba sauti hiyo ni ya haki kwa kuwa haimtambui mtoto. Sasa niliisikia ikimsifu mtoto aliyefungiwa nje kwa uchangamfu ule ule iliowasifia waliomo ndani, na nikajua ingesema hivyo hivyo hata kama Kianda nzima ingekuwa majivu na hakuna aliyejibu. Nilinyoosha mkono nikaushika waya. Nilitaka kuung'oa. Nilitaka wasikie mkwaruzo mpaka mwisho wa muhula.

"Wacha, mwalimu," msichana aliniambia kwa upole, bila kuuachilia. "Bado haijaisha."

"Mgeni njoo…" ilisema redio.

Ndani palikuwa kimya. Kisha mtoto mmoja akaanza, wengine wakamfuata, na yeye pamoja nao, "Mwenyeji apone."

Tulisimama pale mpaka kipindi kikaisha. Alijibu kila swali. Wimbo wa mwisho ulipopigwa, alishuka kwenye jiwe, akalisogeza kwa mguu mpaka chini ya kona, mahali ambapo mtu mfupi angeweza kuufikia msumari. Akajipangusa kutu kwenye sketi ya sare. Tukangoja kidogo zaidi, maana nilimwona akingoja.

Komeo halikuvutwa. Akanipa mkono nimrudishe kwa mama yake.