Senene Nisiowala

Tangu nipangiwe kufundisha biolojia katika sekondari ya Nkwenda, nilikosa usingizi kwa swali moja: wanafunzi wangu niwaambie kisa cha senene, au watanidharau?

Nilisoma shule ya bweni Karagwe. Msimu wa senene, panzi wale wa kuliwa, wenzangu waliwakamata, wakawakaanga, wakatafuna. Mimi niliwafungia hai katika sanduku langu la bati lenye matundu, nikawalisha majani. Nilitaka kujua kama senene wa kijani hugeuka kuwa wa kahawia. Niliona haya kusema, na wenzangu walipoona kufuli wakadhani nimeficha mlo.

"Iwe, wewe Deo, uchoyo utakuua! Tuonjeshe hata kiganja kimoja."

Nikalikazia kufuli, nikijiona mwerevu. Mkuu wa shule alipokuja kukagua bweni, kiranja akanishtaki kwamba ninaficha chakula. Sanduku likafunguliwa. Senene waliruka kila upande, mmoja akatua kwenye miwani ya mkuu, na wenzangu wakaanza kuwakimbiza huku wakicheka.

"Wa nani hawa?"

"Wangu, mwalimu. Ninawachunguza."

"Huwali?"

"Siwali, mwalimu."

Bweni zima likaangua kicheko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema neno hilo mbele ya watu, na sikutaka kulirudisha.

Jana, kipindi changu cha kwanza, niliingia darasani na sanduku lile lile. Msichana wa mbele akaona bawa la senene kwenye tundu, akanusa.

"Shikamoo mwalimu. Wamekaangwa?"

"Marahaba. Wako hai," nikasema, nikafungua kufuli. "Sogeeni muwatazame."