Baiskeli za Jovin Zisizo na Namba

Wewe unayehimiza tununue vya nyumbani, ungepakia gunia la mpunga kwenye baiskeli ambayo fundi wake mwenyewe haiamini?

Jovin Swai wa Shirimatunda, hapa Moshi, aliwauzia watu baiskeli za namna hiyo. Ni mzaliwa wa Masama, Mlutheri, baba wa watu wazima. Alianza kwa kuziba pancha, akaishia kuunda baiskeli za mizigo zenye fremu ndefu na keria pana. Mimi nimesomea uhandisi. Nilijiunga naye kwa sababu naamini Moshi inaweza kuuza baiskeli Nairobi, Kigali na mbali zaidi. Tuliunda kiunzi cha kushikilia mabomba wakati wa kuchomelea, ili kila fremu itoke sawa na mwenzake. Nikamsihi pia agonge namba kwenye kila moja.

"Namba za nini?" alinicheka. "Ng'ombe wangu hana namba, na namjua."

Kisha mfanyabiashara wa Nairobi akaziona picha zetu mtandaoni na kusema atanunua nyingi, bei ikishindana na ya zile zinazoshushwa kwenye makontena. Jovin akatafuta pa kupunguza. Kwa siri alinunua mabomba membamba, akayajaribu kwenye uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, katika baadhi ya baiskeli alizouza Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga.

Uma mmoja ulikatika kando ya mfereji. Eliufoo, mbeba mpunga, alianguka na kuvunjika mfupa wa bega. Watu wote walisema alizidisha mzigo. Jovin aliokota kipande cha ule uma, akakitazama, akakitia mfukoni.

Alinieleza ukweli siku ambayo yule mfanyabiashara alipiga simu kusema anafika kesho. Alikuwa amekata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Kwetu Wachagga, aliyekosewa akiletewa isale hana budi kusamehe. Tukaenda Mabogini pamoja.

"Karibu, fundi," Eliufoo alisema, mkono ukining'inia kwenye kitenge. "Umekuja kunichomelea bega?"

Jovin akamnyooshea jani.

"Majani tena! Umeniona mbuzi?"

"Ni mimi, Eliufoo. Bomba lilikuwa jembamba. Nililijua nikalitia."

Utani ukaisha. Eliufoo akalipokea lile jani kwa mkono wake mzima.

"Wazee wametufunga, siwezi kukataa. Nimekusamehe." Akamwangalia usoni. "Na wale ambao hawajaanguka?"

Jovin hakuwajua ni akina nani. Baiskeli zote alizipaka rangi ileile, na uma mwembamba na mnene kwa nje hufanana. Hakukuwa na alama ya kumwambia ipi ni ipi, wala nani anapanda kifo chake.

Njiani nilishindwa kunyamaza. "Mzee, hatutaishinda dunia kwa bei! Kiwanda cha kuheshimiwa nacho hukosea, lakini kinajua kimekosea kwenye chombo gani, na kinakirudisha. Kesho mwambie mgeni wetu wa Nairobi ukweli."

"Akiondoka, vijana wa karakana watakula nini?"

"Na mtu akifa?"

Alisimama. "Usipige kelele, kijana. Ungekuwa unasema uongo nisingeumia hivi." Baadaye akaongeza kwa sauti ndogo, "Nimempelekea isale nikijua hawezi kunikatalia. Nilitaka nilale usingizi, basi."

Asubuhi iliyofuata mgeni alifika na kukuta karakana imefungwa. Stella, mkewe Jovin, alitwambia mumewe ametoka na msumeno wa chuma, ameelekea Mabogini. Tukamfuata kwa gari la mgeni.

Tulimkuta kwenye njia ya mashine ya kukoboa mpunga, akisimamisha kila baiskeli aliyoiunda. Hakuchagua. Aliilaza chini, akaukata uma, na kumwambia mwenye baiskeli kwa nini, na kwamba atamwekea uma mwingine. Mama mmoja, Tabitha, alikuwa akifoka gunia likiwa miguuni pake.

"Umeniuzia, sasa unanikatia! Una wazimu?"

"Samahani, mama. Nilitia bomba bovu."

"Samahani yako itabeba mpunga?"

Nyuma yake wengine walikuwa wameshuka, wamezishika baiskeli zao kama mtu anayemshika mtoto asipigwe. Mgeni alikiinua kipande kilichokatwa, akakichungulia ndani, akakirudisha chini taratibu. Hakumsalimia Jovin. Aliingia garini, akafunga mlango.

Jovin alilisikia gari likigeuza. Akauweka msumeno, akainama, akajitwika gunia la Tabitha begani.

"Twende basi, fundi," alisema yule mama, bado amenuna. "Na ukichoka usiniombe nikusaidie."