Nilivyomnyima Mama Mahindi ya Serikali kwa Sababu ya TV Isiyo Yake

1984. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Nimeanza na huo mwaka kwa sababu ndio shida ilinijua kwa jina. Mvua ilikataa, ng'ombe wa baba wakaisha mmoja mmoja, nikatoka kwetu western nikaja Eldoret na shati moja na blanketi ya kugawana na binamu yangu. Tulipanga laini kupewa mahindi ya serikali, yale ya manjano. Ugali wake ulinuka gunia, na bado tulikuwa tunapigania ukoko.

Kwa hivyo mtu asinifundishe relief. Niliila kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Hii ninaandika ilitokea, hakuna mahali nimepamba. Majina nimebadilisha, na langu sitasema. Mkifika chini mtaelewa kwa nini. Pia naandika na kidole kimoja, so vumilieni.

Juzi mvua ilichelewa tena na unga ukaanza kuwa kitu cha kuongelewa. Serikali ikasema inaleta chakula hapa mtaani kwetu Langas, Eldoret: mahindi, maharagwe, mafuta ya kupika. Kila mzee wa nyumba kumi aandike nyumba ishirini za upande wake zenye hali ya chini.

Msiniulize kwa nini mzee wa nyumba kumi anaandika nyumba ishirini. Hiyo ni hesabu ya serikali.

Mimi ni huyo mzee. Nikapewa fomu na assistant chief wetu, msichana anayeweza kuwa mtoto wangu wa mwisho, lakini akikuangalia unavua kofia. Tunamwita Madam. Fomu ilikuwa rahisi. Redio: iko, haiko. TV: iko, haiko. Kochi: iko, haiko. Stovu ya gesi: iko, haiko. Unatia tiki, unaenda mlango mwingine.

Sasa Madam akafanya kosa moja. Alitangaza kanisani Jumapili kwamba Jumatano tunapita kukagua.

Wakuu, Jumatano Langas iliamka maskini.

Watu ambao Jumanne walikuwa na kochi ya watu saba, Jumatano wamekaa kwa mitungi ya maji. Kuna friji nilionyeshwa ikiwa imefunikwa na shuka, nikaambiwa ni kabati. Kabati inanguruma! Nikauliza, "Na hii kabati inaumwa?" Mwenyewe akasema, "Ni panya, mzee."

Wamama wenye gesi walitoa mawe matatu nje wakaanza kupikia kuni. Walikuwa wamesahau kuwasha. Plot nzima ilikuwa moshi, wao wanakohoa mpaka machozi, na machozi yenyewe yakawasaidia.

Kuna jamaa nitamwita Baba Brian. Ana kibanda cha viatu vya mtumba sokoni, na si kibanda cha mchezo, miaka tisa anauza. Tulimkuta amevaa ndala mbili za rangi tofauti.

"Baba Brian, viatu vimeisha sokoni?"

"Mzee, nauza vya wengine. Vyangu ni hivi."

Madam alicheka kwa pua. Chumba chake kilikuwa kimefagiliwa vitu vyote. Ukutani kulikuwa na mraba msafi mahali TV hukaa, lakini fomu haiulizi juu ya ukuta. TV: haiko. Nikatia tiki. Baba Brian akaingia kwa list.

Tukaenda mlango uliofuata, kwa Mama Robai.

Huyu mama ni mjane, anafulia majirani nguo, na wengine huko estate. Anakaa na wajukuu wanne. Mama yao alienda kutafuta kazi Nairobi, simu ikazimika. Nilijua hayo yote. Nilikuwa hata nimemwambia Madam njiani, huyu hahitaji kukaguliwa, huyu ni wa kwanza.

Tukafungua mlango. Wakuu!

Viti vitatu na vitambaa vyeupe vya kushonwa, vimepigwa pasi. Thermos ya maua. Vikombe na visosa vyake. Na juu ya meza, TV kubwa, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi.

"Karibu mzee, karibu Madam. Kaeni, msisimame kama wageni."

Akamimina chai. Chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi, na slesi za mkate zimepakwa blueband mpaka kona. Wajukuu wamesimama kando wameoshwa, wanaangalia mkate kama unahubiri. Mimi nilikula slesi tatu. Nilikuwa nimevuta moshi asubuhi yote.

Nikauliza, "Mama, TV iko?"

Akaiangalia, akaniangalia. "Si unaiona, mzee. Iko."

Iko. Nikatia tiki. Kochi sikuona, lakini viti vya vitambaa nikasema ni kama kochi. Tulipotoka Madam akaniuliza, "Mzee, huyu ulisema ana shida?" Mimi, kwa kichwa changu kikubwa, nikamjibu, "Watu wanaficha mali, Madam. Huyu angalau ni mkweli." Tukampita.

Nyumba ishirini zikajaa bila yeye.

Jumamosi nilikuwa nimekaa nje ya gate yangu. Kulikuwa na mpira mchana huo. Nikaona Baba Brian anakuja na mkokoteni, anausukuma polepole kama amebeba mayai. Juu yake, TV. Na kile kitambaa cheupe bado kiko juu yake.

"Baba Brian, unahama?"

"Hapana mzee, natoa hii kitu kwa fundi."

"Fundi siku hizi ni Mama Robai?"

Alisimama. Akajaribu kucheka. "Mzee, alinishikia tu siku chache. Sikumwambia ni ya nini."

Hapo ndipo damu ilinipanda, lakini si kwake. Nilikumbuka ule ukuta wa Mama Robai. Juu ya TV kulikuwa na koroboi, ile taa ya mkebe, imening'inia kwa msumari. Hakuna waya. Hakuna soketi. Mimi mzee mzima nilikaa pale nikaona TV chini ya koroboi, nikala slesi tatu, na nikaandika iko.

Nilienda kwa Mama Robai. Vile viti vitatu vilikuwa vimerudi kwa wenyewe, thermos imerudi, chumba kimebaki na kitanda na jiko la makaa lililokuwa baridi. Saa nane mchana. Watoto walikuwa wanakunywa uji mwembamba, unaona chini ya kikombe.

"Mama Robai, kwa nini hukusema TV si yako?"

"Hukuuliza ya nani. Uliuliza kama iko."

"Na viti? Na thermos?"

"Mzee, mimi nipate wageni wa serikali niwakalishe chini? Mama yangu angefufuka anichape."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija, unaazima mpaka sukari. Wale wenye vitu walivificha, asiye na kitu akaviazima, na mimi nikaamini fomu.

Nikamwambia nitarudisha jina lake. Akanishika mkono wa koti. "Lakini usinitaje mbele ya watu, mzee. Hao ndio huwa nawafulia. Kama lazima nitangazwe kwa spika kwamba hata kikombe nilichowapa chai kilikuwa cha kuazima, wacha. Tutakunywa uji."

Na alimaanisha. Huyo mama angewacha mahindi.

Nikaenda kwa Madam, nikamweleza yote. Akasema list imefika kwa chief, Jumatatu inasomwa kwa baraza. "Mzee, nyumba ni ishirini. Mmoja akiingia, mmoja anatoka. Na wewe ndiye utasimama ueleze, kwa sababu mwandiko ni wako."

Nikapitia kwa Baba Brian. Nikamwambia ajitoe kwa hiari yake.

"Kwani mimi sili, mzee?"

"Unakula. Na ukimaliza unawatch mpira."

"Kila mtu aliweka kitu mahali. Mbona mimi?"

Alikuwa na point. Niliondoka nikiwa sina mpango.

Sasa wakuu, mnifahamu kidogo. Mimi niliwachia shule darasa la nne. Lakini kusoma ninasoma. Gazeti nasoma mpaka matangazo ya vifo. Katika maisha yangu kuna watu wawili waliwahi kunitania kuhusu shule, na wote wawili hatukusalimiana mwaka mzima. Nimejenga, nimesomesha watoto watano mpaka wakamaliza, na kwa baraza huwa nakaa kiti cha mbele na kalamu mbili mfukoni.

Jumatatu Madam akasoma majina. Akamaliza. "Kuna mtu ana swali?"

Nikasimama. Watu wote wanaona. Nikasema hivi:

"Madam, hiyo list nimeharibu. Mimi sijui kusoma vizuri. Hizo safu za iko na haiko zilinichanganya, nikatia tiki ya mlango mmoja kwa mwingine. Mama Robai alikuwa wa kuingia. Macho ya darasa la nne."

Halafu baraza ikacheka. Na si kidogo. Kijana mmoja huko nyuma akasema, "Kumbe zile kalamu ni za urembo!" Nikasimama tu. Masikio yalikuwa moto kama mahindi ya kuchoma.

Madam aliniangalia. Yeye alikuwepo kwa ile chai. Alijua kila kitu. Akasema, "Sawa mzee, inatokea. Lakini nafasi ni ishirini. Nani anatoka?"

Nikamwona Mama Robai amekaa na wamama wengine, ameangalia mikono yake.

Halafu Baba Brian akasimama. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu, vya ngozi, vimepigwa rangi.

"Madam, toa langu. Mimi juzi nilipata kazi."

Mtu akamuuliza kazi gani. Akasema, "Ya kuuza viatu."

Hata Madam alishindwa kujizuia. Lakini kalamu ikapita, jina likatoka, lingine likaingia, na chakula kilipokuja Mama Robai alibeba chake kama wenzake.

Wiki iliyopita tulikutana naye njiani ametoka kufua. Akasimama, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mzee, pole. Sikujua hujui kusoma. Mjukuu wangu yule msichana yuko darasa la sita, akitoka shule anaweza kukaa na wewe kidogo. Ni mpole, hatakucheka."

Nilimwangalia usoni. Uso ulikuwa mkavu kabisa. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru ama alikuwa ananitania.

Nikamwambia aje Jumanne.

Na amekuja. Tuko na kitabu cha insha. Ananisahihisha, na mimi nanyamaza.

Nilichojifunza ni hiki: kama wewe unaandika nyumba za kusaidiwa, wacha kuhesabu vitu. Uliza walikula nini jana, na juzi, na nani hakula ili mwingine ale. Angalia jiko kama lina jivu la leo. Na ukipewa chai nzuri sana kwa nyumba ndogo sana, uliza pole pole kikombe ni cha nani. Usiulize mbele ya watu.

Wale mmewahi kuwa kwa hizo kamati, ama kwa hizo laini, semeni yenu hapo chini. Kama mnaona nilikosea kudanganya baraza, pia semeni, nimezoea.

Na kabla mtu hajauliza mzee wa darasa la nne ana nini cha kujivunia, hii hapa:

Plot moja Langas, milango kumi na miwili.
Ekari tatu za mahindi upande wa Moi's Bridge.
Ng'ombe wanne, mmoja ana mimba.
Pikapu moja, inawaka ikisukumwa.
Mke mmoja, yule yule.
Watoto watano, wajukuu kumi na mmoja.
Meno kumi na tisa.
Deni, hakuna.